Tutalala Wapi? Kupanga Safari ya Mlima Kenya Kutoka Lamu

Nyumba yetu ipo Mkomani, karibu na ufuo, na wakati wa bamvua maji hufika mahali ambapo mtoto angeweza kutupa jiwe kutoka kizingitini. Hatujawahi kuishi juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo nilipomweleza mama kwamba mimi, kaka yangu, binamu yetu na shoga yangu mmoja tumekusudia kupanda Mlima Kenya mwezi wa Januari 2027, tukilala katika vibanda vilivyo mita 3,300 na mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, sikushangaa alipoacha kuchambua mchele akanitazama. Nilitarajia aulize habari za ndovu au za majabali. Aliuliza jambo moja tu: “Na huko mtalala wapi, mwanangu, na mlango atawafungulia nani?”

Nimekuwa nikiipanga safari hii kwa miezi kadhaa, na kila ninapoifungua daftari yangu naona kwamba mama aligusa kiini cha shughuli yote. Wenzangu walianza kwa kuuliza tutatembea kilomita ngapi kwa siku na kilele kina urefu gani. Mimi nimejifunza kuanza na usiku: tutalala mwinuko gani, mara ngapi, na tutapanda kiasi gani kabla ya kulala tena. Mtu wa Nyeri au wa Nanyuki anaweza kulipuuza hilo kidogo, maana amezaliwa karibu mita 2,000 juu. Sisi tunaotoka barazani tukiwa na miguu yenye chumvi hatuna nafasi hiyo.

Kaka yangu aliwahi kufika huko akiwa mwanafunzi wa chuo, na kisa chake ndicho kilichonifanya niwe mkali. Walikwenda kundi la vijana, mwisho wa wiki mmoja, na mtu waliyemlipa aliwaahidi kilele kwa siku tatu. Alhamisi kaka alikuwa bado yupo Lamu. Alipanda ndege uwanja wa Manda, akawakuta wenzake Nairobi, na Ijumaa jioni wakawa wamelala katika kituo cha zamani cha hali ya hewa kwenye njia ya Naro Moru, mita 3,050. Jumamosi wakapanda hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Njiani kichwa kilianza kumgonga. Jioni alitapika chai aliyokunywa, na alipoinuka kwenda msalani aliyumba kama mtu aliyeshuka jahazini baada ya siku nyingi za mawimbi, mguu hauijui ardhi. Kiongozi mkuu alisema apumzike tu, asubuhi atakuwa mzima. Msaidizi wake, mzee wa maneno machache, alimwambia kaka atembee mstari mmoja, kisigino kwa kidole, na alipoona hawezi akasema wanashuka saa ileile. Walishuka usiku kwa tochi. Walipokaribia kituo cha chini kichwa kilikuwa kimetulia, na alfajiri akaomba chakula. Hakupewa dawa yoyote ila kushushwa.

Nafanya kazi katika duka la dawa, na huenda ndiyo sababu nilitaka kujua ni nini hasa kilichomfika. Hewa ya mlimani ina fungu lilelile la oksijeni kama hewa ya Lamu, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi huingiza hewa iliyotawanyika, na oksijeni inayofika damuni huwa kidogo. Mita 4,200 mgandamizo huo ni karibu asilimia 60 ya ule wa pwani, na kwenye Lenana, kilele tunachokikusudia, ni nusu na ushei. Mwili huzoea, lakini huzoea kwa taratibu zake: kwanza pumzi huongezeka kasi, kisha figo hutoa chumvichumvi fulani ili damu ikubali kasi hiyo ya kupumua, na baadaye kabisa chembe nyekundu huongezeka. Hatua ya pili huchukua siku, na ndiyo tunayoinunua tunapolipia usiku wa ziada. Asiyeipa muda huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula na hutapika; akilazimisha kuendelea kupanda, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo kila saa ya kuchelewa kumshusha ni hatari kwa maisha yake.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Ukiiweka kanuni hiyo juu ya ramani ya Mlima Kenya, utaona mara moja kwamba vibanda havikujengwa kwa kuifuata. Kwenye njia ya Sirimon, kibanda cha Old Moses kipo mita 3,300 na kinachofuata, Shipton’s, kipo mita 4,200. Katikati hakuna malazi ya kutegemea. Huwezi kuitii kanuni. Unaweza tu kuifidia, kwa kulala mara mbili chini kabla ya kuruka, na mara mbili juu kabla ya kilele.

Ipo dawa ya asetazolamaidi, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Diamox, na wateja wawili walishaniuliza kwa nini tusiimeze tu tukaokoa fedha za siku. Dawa hiyo huzihimiza figo zifanye mapema ile kazi niliyoitaja, kwa hiyo huharakisha mazoea. Pia humfanya mtu akojoe sana na vidole vimwashewashe kama vilivyolaliwa, na haimfai kila mtu. Nimewaandikisha wenzangu wote wamwone daktari kwanza, na nimewaambia kwamba hata tukiandikiwa, idadi ya usiku haitapungua.

Kuhusu mlima wenyewe hatukubishana sana. Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ina vibanda vizuri, Mandara, Horombo na Kibo, na binamu alikuwa akiipigia debe. Lakini kibanda cha Kibo kipo mita 4,720 na kilele kipo mita 5,895, na sisi hatujajaribu miili yetu popote. Mlima Meru wa Arusha una vibanda vya Miriakamba na Saddle, nao ungetufaa kwa mwinuko. Tulichagua Kenya kwa sababu ya kitambulisho, maana raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni, na kwa sababu Lenana, mita 4,985, hupandwa kwa miguu. Vilele viwili vilivyo juu yake, Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188, ni vya watu wa kamba na misumari ya mwambani. Vyote vitatu vimepewa majina ya viongozi wa Kimaasai, jambo ambalo mama alilipenda kuliko lolote nililomsomea.

Kumpata kiongozi kulichukua muda mrefu zaidi. Kuna waliojibu ndani ya dakika tano wakituma picha nzuri na neno “uhakika”, na mmoja alituandikia kwamba watu wa pwani wana mapafu mazuri kwa sababu ya kuogelea, kwa hiyo siku tatu zitatosha kabisa. Huyo tulimshukuru tukaachana naye. Tuliyemchagua anaishi Nanyuki, na sababu ya kumchagua ni kwamba yeye ndiye aliyetuuliza maswali: mara ya mwisho mmelala wapi juu ya mita 2,000, nani kati yenu ana pumu au shinikizo la damu, nani aliwahi kuugua mlimani na ilikuwaje. Nilipomsimulia habari ya kaka alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, “Dada, huyo mzee aliyemshusha, ningependa kujua ni nani.” Nikajua tumefika.

Habari hiyo njema binamu aliitangaza kwenye kundi letu la WhatsApp kwa kuandika kwamba “gaidi wetu amepatikana, yuko Nanyuki, na amekubali siku sita.” Alikusudia neno la Kiingereza la kiongozi, akaliandika kama alivyolisikia. Katika mji ambao mabasi yake yamewahi kusindikizwa na polisi kwa miaka, si neno la kulitupa ovyo kwenye kundi la ukoo, na shangazi yetu wa Faza alipiga simu mara tatu kabla ya sala ya isha. Tangu siku hiyo ni kiongozi, na neno jingine halitumiki.

Mpango tuliokubaliana naye ni huu. Kutoka Lamu hatutapanda ndege. Tutavuka kwenda Mokowe, tuchukue basi hadi Mombasa tulale, kesho yake tupande treni ya Nairobi, tulale huko karibu mita 1,700, kisha matatu hadi Nanyuki, ambako ni zaidi ya mita 1,900, tulale tena. Binamu anaona tunapoteza siku, na angekuwa sahihi kama miili ingesafiri kwa kasi ya ndege. Mimi nahesabu kila kituo kama ngazi. Ndege ingetutoa kwenye mchanga asubuhi na kututua bara mchana, na hilo ndilo kosa la kwanza la safari ya kaka.

Siku ya kwanza mlimani ni rahisi kuliko zote: kutoka lango la Sirimon, mita 2,650, hadi Old Moses, karibu kilomita 9 kwa barabara ya gari inayopita msituni. Kiongozi amesema tutaona watu wakitupita, na tuwaache watupite. Siku ya pili tutapanda hadi kibanda kidogo cha Liki North, karibu mita 4,000, tule chakula cha mchana, kisha turudi kulala Old Moses. Shoga yangu aliliona jambo hilo la ajabu sana, kupanda mlima na kushuka palepale, lakini ndiyo fidia yenyewe: mwili unaonjeshwa hewa ya juu mchana na kurudishwa kupumzika usiku. Siku ya tatu ndiyo ndefu, karibu kilomita 14, tukipita mabonde ya Liki na Mackinder hadi Shipton’s, kibanda kilicho chini ya kuta za Batian. Siku ya nne tutabaki hapohapo, tukitembea kidogo tu asubuhi. Saa tisa usiku wa kuamkia siku ya tano tutaanza kupanda kokoto na miamba ili tufike Lenana jua likichomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu, kisha tushukie upande wa pili kwa kupita kibanda cha Austrian, mita 4,790, hadi kambi ya Mackinder. Siku ya sita tutashuka kinamasi cha mteremko ambacho kaka anakikumbuka kwa viatu vilivyobaki topeni, tupite kituo cha hali ya hewa na tutokee lango la Naro Moru.

Hapa nitoe tahadhari kwa atakayepanga kama sisi. Kambi ya Mackinder haipo katika bonde la Mackinder. Ipo katika bonde la Teleki, na kilichopo katika bonde la Mackinder ni kibanda cha Shipton’s. Nilichanganya majina hayo katika barua ya kwanza ya kuweka nafasi, na laiti kiongozi asingenishtua, tungekuwa tumelipia vitanda upande usio wetu kwa usiku usio wetu. Isitoshe, vibanda vya upande wa Sirimon na vile vya Naro Moru havina mwenyewe mmoja, kwa hiyo anayepanda huku na kushuka kule huweka nafasi mara mbili, mbali na ada za hifadhi zinazolipwa kwa mtandao wa eCitizen. Januari ni mwezi wenye watu. Kitanda si cha kukitafuta ukiwa umeshafika mlangoni na jua limetua.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya siku ya nne. Binamu alisema kulala mara ya pili Shipton’s bila kwenda popote ni kulipia ubaridi. Nilimjibu kwamba ndiyo, tunalipia ubaridi, na ndio utakaompeleka Lenana akiwa na akili zake. Hatukukubaliana mpaka kiongozi mwenyewe alipotoa shauri: tulipe usiku huo mapema na tuuite usiku wa akiba. Kama jioni ya siku ya tatu wote wanne tumekula vizuri na hakuna anayeumwa kichwa, tutazungumza upya. La sivyo, hakuna mjadala. Tangu hapo nimetambua kwamba binamu hakuwa na shida na fedha. Alitaka tu isionekane kwamba shangazi mwenye duka la dawa, maana ndivyo anavyoniita nikimkera, ndiye aliyekata shauri.

Tarehe nazo zilikuwa na mambo yake. Mlima Kenya una vipindi viwili vya ukavu, Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, na kati yake zipo mvua za masika na za vuli. Kwetu Januari ni kaskazi iliyoshika, watu wa bahari wanajua hewa imetulia, na nilifurahi kuona mlima na bahari vinafuata kalenda moja. Lakini Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwa mwinuko huo akiwa amefunga, wala kula mchana mwezi wa Ramadhani kwa ruhusa ya safari aliyoitafuta mwenyewe. Ilibaki Januari, yaani Shaabani.

Nilikuwa nimechagua siku za mwezi mpevu, karibu na tarehe 22, ili usiku wa kilele tutembee kwa mbalamwezi. Mama akanikumbusha kwa upole kwamba mwezi mpevu wa Shaabani ndio nisfu, na kwamba usiku huo Yasini husomwa nyumbani kwetu tangu enzi za bibi yake, na hajapata kuisoma watoto wake wawili wakiwa mlimani. Nilikwenda kwa mjomba, ambaye alikuwa nahodha na hajui lolote la milima, nikamlalamikia kwamba tukiondoka baada ya nisfu tutapanda gizani. Alicheka. Alisema mwezi wa siku kumi za mwisho hukawia kutoka, lakini hutoka, na mtu anayeamka saa nane usiku si wa kulalamikia mwezi unaochomoza usiku wa manane. Nimepiga hesabu na amesema kweli: tukiondoka Lamu tarehe 24, usiku wa kilele utakuwa mwisho wa Januari, na kipande cha mwezi kitakuwa kimetoka upande wa mashariki. Hakitatosha kwa njia, tochi za kichwani tutavaa, lakini hatutakuwa gizani kabisa, na tutarudi nyumbani siku chache kabla ya mfungo.

Mama alitaka kujua pia vibanda hivyo vikoje, na hili nadhani wanawake wengi wa kwetu wangependa kulijua kabla ya jambo jingine lolote. Ni nyumba za pamoja. Kuna chumba cha kulia na vyumba vya vitanda vya ghorofa vyenye magodoro, hakuna kipasha joto, na wageni hupangwa wanavyofika. Usiku wa Shipton’s maji huganda nje. Mimi na shoga yangu tumemwomba kiongozi atuwekee chumba kidogo iwezekanavyo, na kaka na binamu wawe vitanda vya karibu na mlango, na tumekubaliana kwamba kama kitajaa tutalala katika mifuko yetu ya kulalia tukiwa tumevaa kikamilifu, jambo ambalo baridi yenyewe italilazimisha. Buibui nitaliacha Nanyuki. Nimeshonesha kanzu fupi nzito ya kuvaa juu ya suruali mbili, na mtandio umenifaa kuliko kofia zote nilizojaribu, maana hufunika masikio na shingo kwa pamoja. Sala tutazikusanya na kuzipunguza kama wasafiri, na maji yakiwa barafu kuna tayamamu. Mlima hauna uhaba wa mawe na udongo safi. Kibla ni kaskazini, karibu sawa na kwetu, kwa hiyo katika njia ya Sirimon atakayetaka kujua alikotokea ageuke anakosali.

Chakula kilinifunza jambo ambalo sikulitarajia. Niliandika pilau siku ya tatu, na mpishi akaniambia kwa heshima kwamba pilau ya Shipton’s ingeiva siku ya tano. Kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji ya huko huchemka karibu nyuzi 86 tu, na yakichemka hayazidi hapo hata uongeze moto. Mchele hukawia, maharagwe hayaivi kabisa, na hata chai haikolei inavyotakiwa. Kwa hiyo maharagwe yatachemshwa Nanyuki, nyama tutainunua wenyewe kwa mchinjaji wa Kiislamu wa mji huo na iivishwe hukohuko kwa ajili ya siku mbili za mwanzo, na juu tutakula tambi, mayai, viazi, uji na supu ya tangawizi. Tende na halwa tutabeba kutoka kwetu, maana mtu aliyekosa hamu ya kula bado hukubali kitu kitamu. Binamu alitaka kubeba ng’onda, samaki wa kukaushwa. Kura zilikuwa tatu kwa moja, na nadhani hata wageni wengine wa kibanda, kama wangeulizwa, wangetuunga mkono.

Vifaa nitavipita haraka. Lamu huwezi kununua buti la mlimani. Langu nililipata katika mitumba Malindi, la shoga yangu lilitoka Gikomba, na mifuko mizito ya kulalia tutakodi Nanyuki. Ni afadhali ukodi mfuko mzuri kuliko ununue mbaya. Buti lakini lisikodiwe, maana mguu huchukua wiki nyingi kulizoea. Mazoezi yamekuwa ya kuchekesha zaidi, kwa kuwa kisiwa chetu hakina kilima ila fungu za mchanga za Shela. Mara tatu kwa wiki baada ya alasiri tunatembea ufuoni mpaka Shela tukiwa na mabegi yaliyojaa madumu ya maji, tunapanda na kushuka fungu hizo, kisha tunarudi. Kwenye mchanga hatua mbili ni kama moja, na kaka anasema kokoto za chini ya Lenana zina tabia hiyohiyo. Siku ambazo maji yamejaa tunapanda ngazi za nyumba ya mjomba, ghorofa tatu za ngazi nyembamba, mara ishirini, mpaka mjomba mwenyewe atufukuze.

Mizigo yetu itabebwa na wapagazi, na kila mmoja wetu amepewa kikomo cha kilo 12. Nimesisitiza mzigo upimwe kwa mizani langoni, na malipo yao yaandikwe peke yake katika mkataba, siyo yafichwe ndani ya jumla ili tusijue nani kapata nini. Sababu yangu ni ya ukoo kidogo. Mwaka 1899, Halford Mackinder alipofika Batian, mizigo yake ilikuwa imebebwa kutoka Nairobi na wapagazi wengi wa Kiswahili, na majina yanayokumbukwa ni ya Mzungu huyo na viongozi wake wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Miaka hamsini kabla yake, mmisionari Johannes Rebmann alikwenda Uchagani kutoka Rabai akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 alipoona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro akauliza ni nini. Kiongozi alisema hajui, lakini anadhani ni baridi. Ulaya walibishana kwa miaka kama theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, ilhali mtu wa pwani alikuwa ameshalipatia jambo hilo jina lake kwa neno moja.

Malipo ya kwanza yametumwa, vitanda vya pande zote mbili vimethibitishwa, na daktari amebaki kuwaona wawili kati yetu. Mama ameacha kuuliza habari za mlango. Juzi aliniagiza nisisahau, siku ya kuondoka, kununua halwa kilo moja ya ziada na kuifunga peke yake, isichanganywe na yetu. Nilipomuuliza ni ya nani, alisema ni ya huyo atakayetufungulia.